Mukulu Waliyemchagua

Kwetu Butembo koti hununuliwa kwa harusi au kwa matanga. Langu nililinunua kwa sababu nilichaguliwa mukulu wa familia, na hadi leo nikiliona kwenye msumari nageuza uso.

Baba alikufa bila kutaja mtu wa kukalia kiti chake. "Mukubaliane," alituambia, akageukia ukuta. Kaka zangu wawili hawakuweza kukubaliana hata juu ya mbuzi wa kuchinja. Mkubwa anauza mabati na misumari hapa mjini; wa pili ananunua kakao kule Beni na amejenga nyumba nzuri hukohuko, mtaa wa Beu. Kila mmoja alikuwa tayari kulala njaa kuliko kumwita mwenzake mukulu. Mimi ni mdogo wao, mwalimu wa historia, na viatu vyangu vilikuwa vimeshonwa na kushonwa tena.

Siku ya kumaliza matanga, wanaume wa ukoo walikusanyika Kipese, uwanjani kwa Baba. Baba mdogo alikuwa bado njiani, amekwama kwenye matope, lakini kaka zangu walisema hakuna haja ya kumngoja. Yule wa Beni akasimama, akataja jina langu. Yule wa Butembo, ambaye kwa miaka hakuwahi kuunga mkono neno la mwenzake, akapiga makofi kabla hajamaliza. Mimi nilidhani msiba umewapatanisha. Waliniomba kitu kimoja tu: niape kwamba sitaamua jambo la mashamba bila wao. Nikaapa. Nani angebisha, nyama ikinukia na watu wote wanamtazama?

Jamani, nilifurahi. Nilinunua koti. Nilianza kukohoa kabla ya kusema, kama Baba. Mke wangu alinitania, "Mukulu, chumvi imekwisha," nami nikacheka kicheko cha watu wakubwa.

Kisha vita vikafika Luofu. Dada yetu mkubwa, mjane aliyeishi huko, alikimbilia kwangu na watoto wake na godoro moja. Hakuniomba pesa. Aliomba shamba la Baba lililo chini ya mikaratusi kule Kipese, apande kabla mvua hazijaanza, watoto wapate cha kula. Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, yeye aliyenibeba mgongoni, alipiga goti mbele yangu akasema, "Mukulu, ni weye njo unaamua." Kiapo nilikikumbuka, lakini nilijiambia, nani atamnyima dada yake shamba? Nikamjibu hapo hapo, "Yaya, lima."

Wiki iliyofuata nilifika kwenye somo la wafalme wa zamani wa Ujerumani. Nilichora ubaoni wale wakubwa saba waliokuwa na haki ya kuchagua mfalme, maaskofu wakuu watatu na watawala wanne. Niliwaeleza wanafunzi jinsi walivyofanya mapatano, wakaapizana kwamba mtu waliyemchagua wao hahitaji idhini ya Papa. Shule yetu ni ya Kikatoliki, kwa hiyo walicheka sana. Nikaeleza jinsi safari moja walivyomwacha mtoto wa mfalme aliyekufa, mwenye nchi na askari, wakamchukua comte mmoja, bwana wa cheo cha chini mwenye ardhi ndogo, wakamfunga kwa ahadi kabla ya kumpa taji.

Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Mais Monsieur, juu ya nini bachague mutu hana kitu?"

"Mwenye nguvu angewatawala," nilisema huku nikiandika. "Walitaka mtu wa kukaa tu kwenye kiti, ili wao wagawane..."

Nilibaki nimeshika chaki.

"Na yeye hakujua?" akauliza.

Nilijifanya natafuta kitambaa cha kufutia ubao. Somo hilo nimelifundisha miaka mingi, na kila mara nilikuwa namcheka yule comte. Mwisho wake sikuwaeleza siku hiyo, kwamba alipoanza kutenda kama mfalme wa kweli, walewale waliomchagua walimvua ufalme. Kengele iliniokoa.

Jioni kaka mkubwa aliniita dukani. Wa Beni alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa. Shamba la chini ni la kaka wa Beni, walisema, na mikaratusi ni ya huyu wa Butembo. Walikuwa wamekwisha kukubaliana.

"Donc utaenda kumuambia yaya atafute fasi ingine," alisema kaka, huku akimpimia mteja misumari. "Ni weye njo mukulu, ni weye utasema."

Hakunikasirikia hata kidogo. Na mimi, mtu mzima, baba wa watoto, nilisema ndiyo, nikaaga kwa heshima.

Jumamosi nilipanda pikipiki mpaka Kipese, nimevaa koti. Sijui lilikuwa la kumtisha nani. Nilimkuta dada ukingoni mwa shamba. Nikakohoa.

"Acha," alisema. "Balikutuma."

"Yaya, hili shamba..."

"Minajua. Siku ya matanga nilikuwa napika ile mbuzi. Balisimama nyuma ya jikoni, bote babili, bakagawanya. Bakasema, tuweke mwalimu, ye hapana mutu wa kusumbua." Alifuta jembe kwa majani. "Ulikuwa na furaha sana, mudogo wangu. Nikaona niache."

"Basi kwa nini uliniomba?"

"Neno yako ilikuwa fupi, mais ilikuwa neno. Kesho yake nilipanda. Maharagi iko mu udongo."

Kwetu mbegu ya mtu haing'olewi. Mwenye shamba hungoja mpaka aliyepanda avune, hata kama hawasalimiani. Dada alikuwa amepima neno langu, akaona litatosha msimu mmoja, basi akawahi. Nami nilikuwa nimekuja kumfukuza.

Kaka zangu waliposikia kwamba amekwisha kupanda walipiga kelele, kisha wakangoja mavuno. Mimi hawakunigombeza. Walimgombeza dada. Niliona hata kugombezwa sistahili.

Alipovuna, dada alishuka mpaka kwangu na beseni kichwani. Zamani kila mtoto alimpelekea Baba maharagwe yake ya kwanza, na hakuna aliyekula kabla Baba hajaonja. Dada aliweka beseni miguuni pangu, mbele ya mke wangu na watoto.

"Mukulu," alisema, "uonje."

Nilitafuta utani usoni mwake, haukuwapo. Mke wangu akapika. Watoto wote, wa kwangu na wa kwake, walikaa na njaa yao wakiningoja. Nikatia kijiko cha kwanza mdomoni, na macho sikuweza kuyainua.