Wifi Yangu, Mpiga Pasi Mpenda Sinema

Wifi yangu amepiga pasi nguo za hoteli kwa miaka ishirini na miwili, na mimi nimekunja shuka kwa miaka kumi na saba. Ameolewa na kaka yangu, kwa hiyo nyumbani ananiita wifi na kazini ananiita wifi, na wafanyakazi wapya hudhani Wifi ndilo jina lililoandikwa kwenye cheti changu. Yeye walishambatiza Mama Pasi kabla hata mimi sijaajiriwa.

Chumba chetu kiko chini kabisa ya hoteli, mahali ambapo mgeni hafiki labda awe amepotea njia. Kuna mashine nne za kufulia, mbili za kukaushia, na ile pasi kubwa ya silinda inayomeza shuka upande mmoja na kuitema upande wa pili ikiwa ya moto na imenyooka. Lakini nguo za wageni, mashati na magauni, hupigwa kwa mkono, na mkono huo ni wa wifi yangu. Mpe shati, ataligeuza mara moja tu akwambie mwenyewe anaandika kwa mkono gani, kama kazi yake ni ya kukaa au ya kutembea, na kama aliyelinyoosha mara ya mwisho alikuwa na hasira.

Sinema zilimwingia kupitia mguu. Miaka mitatu iliyopita aliteleza kwenye maji ya sabuni, kifundo kikavunjika, akalala miezi miwili. Kitindamimba wake, binti anayesoma chuo, alimwachia kompyuta yake ya zamani iliyojaa filamu za dunia nzima: za Kikorea, za Kijapani, za Kihindi, za Kiirani, na nyingine za nchi ambazo hata kuzitamka ilibidi tusaidiane. Hakuna hata moja iliyokuwa na Kiswahili. Chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza. Sasa wifi yangu gazeti la Kiswahili analisoma toka ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo, ila Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu na namba za vyumba. Maandishi yale yalimpita kama panya aliyewashiwa taa. Akaona ya nini kuyakimbiza, akawatazama watu.

Aliporudi kazini alikuwa anachechemea na amejaa hadithi. Watu wa jikoni wakasema, "Mama Pasi amevunjika mguu mmoja, mdomo umeota minne."

Tangu siku hiyo saa ya chakula ikawa saa ya sinema. Tulikuwa tunakaa nyuma ya chumba cha kufulia, pale yanapoegeshwa matoroli, sisi wanne: yeye, mimi, Mpishi wa Keki na Afande wa getini. Filamu aliyoisifia tuliinakili kwenye flashi, kila mtu akaitazame kwake Jumapili, Jumatatu tuje tutoe maoni. Na maoni yalikuwepo! Afande alipenda za Kichina zenye mapigano. Za Kikorea alizionea mashaka. "Mtu anakunywa supu dakika nne nzima, mimi namwangalia tu kama daktari," alilalamika. Mpishi wa Keki, jitu la miraba minne, yeye alitaka za Kihindi, na kipimo chake kilikuwa kimoja: kama hajalia, hajatazama. Mimi nilipenda zile za Kiirani, watoto wanatembea mtaani, hakuna anayekufa, na bado moyo unadunda.

Lakini kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma yale maandishi yasimpite, tukikwama tulimuuliza Mama Pasi, na alivyosema yeye ndivyo ilivyokuwa.

Ndipo hoteli ikamleta Mwalimu.

Alikuwa mstaafu aliyeletwa kutufundisha Kiingereza Jumanne na Alhamisi. Mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, kalamu tatu mfukoni. Alhamisi moja alifika mapema, akapita kwenye matoroli wakati wifi yangu amepamba moto. Alikuwa anatusimulia filamu moja ya Kijapani: mama mzee anaishi peke yake, mwanawe anarudi kutoka mjini baada ya miaka mingi, kaja na mkewe aliyevaa suti.

"Mke gani yule!" alikuwa anasema wifi yangu. "Anapita kila chumba anatupa macho kwenye dari, kwenye sakafu, hata chai hanywi. Anamdharau mama mkwe waziwazi. Na ile barua mama aliyoificha chini ya mtungi wa maua, ni ya mpenzi wake wa ujanani. Mzee wa watu, ameitunza miaka yote."

"Maskini," Mpishi akasema, macho yameshaanza kulowa.

Mwalimu akacheka. Sidhani alikusudia ubaya, lakini alicheka kile kicheko cha mtu aliyeona kosa la hesabu ubaoni.

"Samahani, mama. Filamu hiyo naijua, nimeitazama mara tatu. Yule mwanamke si mkewe. Ni dalali wa nyumba. Anaangalia dari kwa sababu wanataka kuiuza."

"Na barua?" nikauliza.

"Bili ya umeme."

Afande alikohoa akaangalia viatu vyake. Mpishi akafuta macho akasema kwa sauti ndogo, "Nimelilia bili ya umeme?" Hapo hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Wifi yangu hakucheka. Alifunga chombo chake cha chakula, akanyanyuka, akarudi kwenye pasi zake dakika ishirini kabla ya muda.

Wiki mbili hakugusia filamu tena. Tukimuuliza, anajibu, "Muulizeni Mwalimu, yeye ndiye anayejua kusoma." Saa ya chakula ikadoda. Afande alijitolea kusimulia moja ya kwake ya Kichina, akasema, "Wakapigana. Halafu wakakutana tena, wakapigana," akaishia hapo. Tukabaki tunasikiliza mashine zikizunguka.

Kaka yangu naye akanipigia simu. "Dada, wifi yako ana nini? Ananipigia pasi mpaka soksi."

Nikamweleza. Akaguna. "Basi nitamwacha. Akiwa hivi usimsogelee, subiri apoe mwenyewe."

Na kweli alipoa, ila kwa namna ambayo sikuitegemea. Alhamisi ya tatu alimngoja Mwalimu mlangoni mwa darasa, amesimama wima na ule mguu wake.

"Mwalimu, nilikosea," alisema. "Nimekuwa nikiwasimulia wenzangu hadithi nisiyoijua. Lakini wewe nawe ulinicheka mbele ya watu."

Mwalimu akashika kalamu zake. "Nilikucheka, kweli. Lilinitoka."

"Basi njoo kwangu Jumapili, saa nane mchana. Tutaitazama ile ile, wote. Wewe utusomee maandishi kwa Kiswahili. Nataka nijue nilichokuwa nakiona ni nini."

Jumapili hiyo sebule ya kaka yangu ilijaa. Kaka alikuwa ameunganisha kompyuta ya binti na televisheni kubwa na kujisifu kama aliyeuleta umeme mjini. Mpishi alikuja na keki na taulo, taulo la kufutia machozi, hakuficha. Afande alichagua kiti kinachotazama mlango, kwa mazoea. Binti, aliyekuja kutoka chuo, alikaa kwenye kompyuta. Mwalimu alikaa mbele kabisa, akavaa miwani, filamu ikaanza naye akaanza kutusomea, sauti yake nzuri ya darasani, kila mtu akisema neno naye anasema.

Mambo mengi yalinyooka. Dalali alikuwa dalali. Bili ilikuwa bili, tena ya miezi mitatu. Mtu tuliyemdhania jirani alikuwa mdogo wa marehemu mume wa yule mama. Wifi yangu alikuwa amekaa na mikono mapajani, kila kosa lake likifichuliwa anatikisa kichwa tu, "Kumbe. Haya, endelea."

Tukafika pale ambapo mwana anaoneshwa chumba chake cha zamani. Mama anafungua kabati, anatoa shuka ya mistari ya bluu, anaitandika. Mwana anasema kitu. Mwalimu akasoma: "'Mama, ulikuwa unaningoja?'" Kisha akamsoma mama, kwa sauti kavu: "'Sikuwa nakungoja. Bahati yako kuna shuka.'"

Akamwambia binti asimamishe picha, akatugeukia. "Hapa ndipo penye kiini. Huyu mama moyo wake umeshakauka. Miaka yote hii mwana hakuja, naye ameshamfuta. Anasema mwenyewe. Ndiyo maana baadaye anakubali nyumba iuzwe. Ni filamu ya mapenzi yaliyokwisha."

"Rudisha," akasema wifi yangu.

"Wapi?"

"Anapoikung'uta shuka. Rudisha taratibu."

Binti akarudisha. Shuka ikapanda hewani, ikashuka.

"Hapo. Simamisha." Alinyanyuka, akachechemea mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole juu ya kioo. "Wifi, hebu njoo. Shuka iliyokaa kabatini miaka inakuwaje?"

Hilo ni swali la kazi yangu. "Inafanya umanjano kwenye mikunjo," nikasema. "Na mkunjo unakuwa mgumu. Hata ukiikung'uta inabaki imesimama kama karatasi."

"Hii je?"

Nikatazama. Shuka ilikuwa nyeupe baina ya mistari yake, mikunjo milaini, inajifungua yenyewe. "Hii haina wiki moja tangu ifuliwe."

"Sasa nirudishieni mwanzo kabisa," alisema, "kabla mwana hajapiga simu kwamba anakuja."

Binti akarudisha mwanzo. Mama mzee anatoka uani asubuhi, upepo unapuliza, kamba imejaa nguo. Na pale katikati, kati ya shuka zake nyeupe, mistari ya bluu. Wifi yangu akamwambia binti asogeze mbele kidogo, mahali ambapo mvua inanyesha na mama anakimbia kuanua. Mistari ya bluu tena, ameikumbatia kifuani isilowe, nyeupe ameziacha kwenye kamba.

"Yeye analalia nyeupe," akasema wifi yangu. "Hii ni ya mwana. Haina mtu wa kuilalia, lakini inafuliwa, inaanikwa, inapigwa pasi, inarudi kabatini. Kila wiki, Mwalimu. Miaka yote. Halafu unaniambia hamngoji?"

Afande akajipiga kofi gotini. "Huo ni ushahidi!"

Mpishi alikuwa ameshazama kwenye taulo. "Mara ya kwanza nililia kwa sababu ya uongo," alisema kutoka humo ndani, "sasa niacheni nilie kwa haki."

Mwalimu alivua miwani. Alikaa akiitazama ile picha iliyosimama, mama na kifurushi chake kifuani, mvua inamwagika. "Nimeitazama mara tatu," alisema hatimaye. "Nilikuwa nasoma. Macho yangu yalikuwa huku chini, kwenye maneno." Akaonesha kwa kidole ukingo wa chini wa kioo, kama mtu anayeonesha mahali alipoangusha funguo.

"Usijilaumu, Mwalimu," wifi yangu akamwambia, na sauti yake ilikuwa imelainika kabisa. "Bila wewe kunisomea nisingejua kwamba anadanganya. Mimi nilidhani anamwambia karibu mwanangu. Kumbe anasema hamngoji huku anatandika! Sasa ndiyo tamu."

Tukaitazama mpaka mwisho. Tulipofika pale mama anapotia sahihi ya kuuza nyumba, ubishi ulizuka upya. Mwalimu bado anashikilia kwamba ni kukata tamaa. Wifi yangu anasema mama ameona mwana ana shida, amempa alichobaki nacho. Kaka yangu, ambaye alidai hapendi sinema, akasema bei aliyotajiwa ni ndogo mno na yeye angekataa. Keki iliisha, ubishi haukuisha. Mwalimu alipoaga alisimama mlangoni akauliza kama Jumapili ijayo pia kuna nafasi.

Nafasi imekuwepo mpaka leo. Sasa tuko kumi na mmoja, pamoja na mhudumu wa mapokezi anayependa za Kikorea tu na anayejua kila mwigizaji ana miaka mingapi. Mwalimu anasoma, wifi yangu anasema wapi pa kuangalia, na maoni hutolewa kwa zamu ili Afande asitangulie kila mara. Kiingereza cha wifi yangu kimesogea. Juzi aliyawahi maandishi mawili mfululizo akamsahihisha Mwalimu neno moja, na Mwalimu aliifurahia siku hiyo kuliko mwezi mzima wa darasani.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya filamu ya Kivietinamu kuhusu msichana anayefanya kazi ya kupika nyumbani kwa watu. Mwalimu alivaa miwani, akasafisha koo, akangoja. Dakika tano, hakuna aliyesema neno. Dakika kumi. Msichana anakata mboga, anasikiliza, anaangalia sisimizi. Mwalimu hakuwa na cha kusoma. Akaanza kuhangaika kitini, akavua miwani, akaivaa, mwisho akainama upande wa wifi yangu akamnong'oneza, "Mama, tunaangalia nini hapa?"

"Hata mimi sijajua," akamjibu bila kuondoa macho. "Tulia, analiosha papai. Tumtazame."