Kiti cha Bwana Niazime

Mume wangu ni seremala, na umaarufu aliupata kwa kugonga mlango. Kituo cha televisheni kilimwita akakaze bawaba kwenye ile nyumba yao ya kuigizia, yenye kuta tatu tu, walikokuwa wakirekodi kichekesho cha mama mwenye nyumba mkali. Hakujua kamera zinafanya kazi. Akagonga, akachungulia, akasema, "Samahani, niazime bisibisi." Mwigizaji mkuu, mwanamke asiyejua kubabaika, akamkagua kuanzia kandambili hadi kofia, akamjibu, "Unataka nini tena? Hapa umeona duka?" Mwongozaji alicheka mpaka akashika mbavu. Wiki iliyofuata wakamwita tena, na safari hii hapakuwa na bawaba ya kukaza.

Kwa miaka tisa akawa jirani wa kuazima. Leo ngazi, kesho pasi, keshokutwa ndoo. Anagonga, anaomba, ananyimwa, anaondoka. Dakika mbili, basi. Mtaani wakambatiza Bwana Niazime, na hata daktari wa meno alimwita hivyo akiwa na koleo mkononi.

Kuna jambo watazamaji hawakulijua. Yule mama mwigizaji hakuwahi kumwambia akae, hata kamera zikiwa zimezimwa. Wakati wa chai wenzake wote walikaa, yeye akasimama na kikombe chake karibu na mlango. Binti yetu alipoolewa, yule mama alikuja kwetu, akamkuta mume wangu kwenye kochi lake mwenyewe, akamwambia, "Ondoka hapo." Naye akaondoka! Nikafungua mdomo nimjibu. Mume wangu akanivuta jikoni.

"Mama Watoto, acha. Ameshaniambia, siku akinikaribisha kiti, kazi yetu imekwisha. Akinizoea atanihurumia, na akinihurumia hakuna atakayecheka."

Niliona ni upuuzi wa wasanii. Kumbe ndiye pekee pale aliyeijua kazi.

Kisha akaja mtayarishaji mpya, bwana mwenye viatu vya ncha na maneno ya asali. Akamwambia mume wangu kwamba watu wanampenda kuliko mwenye nyumba, kwa hiyo wanampa kipindi chake mwenyewe. Kichwa kikamvimba. Nisimlaumu peke yake, maana jioni ile ile mimi nilikuwa nimeshawatangazia mawifi zangu wote. Yule mama alipopelekewa habari alisema neno moja tu, "Haya."

Wakamjengea nyumba yake ya kuta tatu. Kochi la ngozi, watoto wawili wenye midomo, na mke wa kuigiza ambaye juu yake nina maoni yangu. Kipindi cha kwanza tulikitazama ukoo mzima, wengine wamekaa sakafuni. Mume wangu huyo, amekunja nne. Majirani wanakuja kuazima kwake, naye anawapa. Anawapa na nasaha juu yake. Mtu aliyechekesha kwa kunyimwa ndoo sasa ana ndoo sita, atachekesha na nini? Sebule ilikuwa kimya, mpaka shemeji yangu akasema, "Lakini nyumba ni nzuri." Watu wakianza kusifia nyumba kwenye kichekesho, ujue maji yamezidi unga.

Wakubwa wakatafuta dawa. Wakaongeza vicheko vya kurekodi, kwa hiyo mume wangu akiaga tu kwenda kazini, watu mia wanaangua kicheko. Wakaongeza mbwa. Baada ya vipindi kumi na moja walikifunga, na mbwa ndiye aliyepata kazi nyingine haraka.

Mume wangu alirudi karakana, akawa anashika randa na kuiacha. Wateja waliokuwa wakimtania sasa walimpa pole. Alitaka kitu kimoja tu, kurudi pale mlangoni. Kwenye kichekesho cha yule mama nafasi yake haikuwa imezibwa. Tulitazama kila wiki na hakuna aliyegonga. Lakini aliapa hatakwenda kuomba.

"Baba Watoto," nikamwambia, "miaka tisa kazi yako ilikuwa kuomba. Aibu imekujia leo?"

Jumamosi asubuhi tukaenda nyumbani kwa yule mama. Njia nzima alikuwa akijisemea, "Akiniuliza nataka nini tena, nimerudi. Akinifokea tu, nimerudi." Sijawahi kuona mtu mzima akimwomba Mungu afokewe. Tulipofika akavuta shati, akagonga mara tatu, kama alivyozoea.

Mlango ulifunguka kwa shida, ukikwaruza sakafu. Yule mama akamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Karibu, kaka yangu," akasema. "Wifi, karibu. Kaeni."

Akamvutia kiti kwa mkono wake, akakipangusa kwa kitambaa. Mume wangu alikitazama kile kiti kwa muda mrefu, kisha akakaa, ukingoni. Tukanywa chai. Tukaulizana habari za watoto. Hakuna aliyetaja kazi mpaka vikombe vilipokwisha, ndipo yule mama akasema, huku akitazama meza, "Nilikutazama kila wiki kwenye kile kipindi chako. Nimekuhurumia, kaka. Nimejaribu kujizuia, nimeshindwa."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Mimi nililia, na wala sioni haya kusema.

Tulipoaga, mlango ukagoma kufunguka. Mume wangu akainama, akaipapasa bawaba, na kwa mazoea tu, sidhani kama alijisikia akisema, akasema, "Niazime bisibisi."

Moyoni nilikuwa namsihi yule mwanamke, mnyime. Mfokee, mwulize kama hapa ni duka, mfukuze na mimi nikiwemo.

Akaenda chumbani, akarudi nayo, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua tu, kaka," akasema kwa upole. "Wala usijisumbue kuirudisha."