Msalaba wa Shaba wa Mjomba

Juzi, katika saluni moja ya mtaa wa Bel-Air, kijana kwenye video ya simu alikuwa anaeleza kwamba Yesu aliwahi kuishi Afrika. Wanawake walicheka. Mimi nilisikia ladha ya damu mdomoni.

Mjomba wangu alikuwa na shamba huko Annexe, pembeni mwa mji. Siku moja jembe lake lilifukua msalaba wa shaba, mzito, mkubwa kama kiganja. Leo najua wazee wa kale waliitumia misalaba ile sokoni kama pesa. Mjomba alimwambia kila mtu vingine: ile miaka ya ujana ambayo Biblia haiitaji, Yesu alikuja kwetu Katanga, akavuta mivukuto pamoja na wayeyusha shaba, na msalaba huu ni kazi ya mikono yake. Nilikuwa msichana mdogo, nilimwamini kabisa.

Alasiri moja nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani, mjomba ameketi kando yangu. Wanaume watatu wa chumba cha maombi, kikanisa cha mtaani, waliingia, wakalipiga teke jiko letu la mbabula, makaa ya moto yakatawanyika, na fimbo zikaanza kulia mgongoni mwa mjomba.

“Unatukana Mungu!” mkubwa wao alifoka. “Preuve iko wapi? Ushahidi! Tuone na macho!”

“Bandugu, Yesu alitumikaka huku, kazi ya shaba, kweli ya Mungu!” mjomba alilia.

Nilidhani wanataka kuona kweli. Nilikimbia ndani, nikautoa msalaba chini ya kitanda, nikarudi nao mbio kwa furaha, maana sasa wataamini, watamwacha.

Yule mkubwa aliupokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea zawadi.

“Merci, mama,” aliniambia.

Akaupima uzito, kisha akamvunjia nao mjomba meno.