Uwanja Usiofagiwa

Dada yangu alimwita kinyonga yule Bwana, kwa sababu alitembea kama mtu anayejua kuwa shughuli haiwezi kuanza kabla hajafika. Alimkuta shambani kwetu, kule Mkunya, tulipokuwa tukipalilia mihogo; akamtembeza juu ya kijiti hadi nyumbani Newala na kumweka kwenye mbaazi zilizo nyuma ya jiko. Hakumfunga wala kumfungia. Kila asubuhi nilipomaliza kutawadha, alichukua maji yaliyosalia koponi akayanyunyiza kwenye majani, maana mnyama huyu huyapita maji yaliyotuama na kunywa matone. Katika mji ambao maji hupandishwa kutoka bondeni, hiyo haikuwa heshima ndogo.

Mvua zilipokuwa zikielekea ukingoni, Bwana aliacha kula. Panzi walimpita mbele ya mdomo naye akawatazama tu. Rangi yake ikakolea ikawa nyeusi, na yeye ambaye hakuwahi kushuka akaanza kuzurura chini, karibu na ukuta wa jiko.

Jirani yetu, ambaye mikorosho yake inapakana na yetu, alikuja kuazima jembe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Akamwinamia kinyonga, akacheka. "Bwana wenu ana mimba. Basi mmemkosa. Kinyonga jike hazai, hupasuka. Watoto wanatoka, mama anabaki ganda."

"Umeona?"

"Nani asiyejua, Mwalimu?"

"Nimeuliza kama umeona."

"Babu yangu aliona."

"Alikusimulia wewe, au alimsimulia baba yako?"

"Mwalimu, mimi nimefuata jembe."

Nilimpa jembe. Nilipogeuka, niliona kwamba dada, aliyekuwa akichambua kisamvu mlangoni, mikono yake ilikuwa imesimama.

Mtoto wake wa pekee aliolewa Lupaso, akafariki akijifungua. Katika jadi yetu mtoto ni wa upande wa mama yake, na mimi ndiye mjomba. Kwa hiyo maneno yote ya msiba ule yaliletwa kwangu. Walisema alilishwa kitu. Walisema alificha jambo. Nilikwenda Masasi nikaketi mbele ya daktari aliyemhudumia mpaka akanieleza alichokiona: damu ilimwishia. Hilo ndilo nililomrudishia dada yangu, bila nyongeza. Tangu hapo sentensi inayoanza na "wanasema" haipewi kiti nyumbani kwangu.

Jioni aliniuliza, "Kaka, ni dume au jike? Nataka kujua."

Nilielewa anachouliza.

Asubuhi nilimchukua kinyonga mkononi. Nilianza na afya, kwa kuwa mgonjwa ni mgonjwa, awe dume au jike. Macho yake yalikuwa yamejaa, hayajadidimia, na kila moja lilizunguka kwa hiari yake. Miguu ilikuwa imenyooka, ikakishika kidole changu kwa nguvu iliyonishangaza. Mdomo ulifunga vizuri, na hapakuwa na utando wala uvimbe. Kisha nikamgeuza nitazame shina la mkia.

"Unamchungulia mwenzio huko," dada alisema kutoka jikoni, "na kofia umevaa."

Kitabu nilichofundishia kilisema kuwa dume wa jamii hii ana kijipi nyuma ya mguu, mwiba kama ule wa jogoo ila mdogo mno, na kwamba mkia wake umenenepa unapoanzia. Lakini kitabu nacho ni neno la mtu hadi ukiweke kando ya kitu chenyewe. Nilitembea barabara ya Mkunya nikikagua nyua za watu mpaka nikampata kinyonga mwingine. Huyo alikuwa na kijipi kila mguu wa nyuma, na shina la mkia lilikuwa nene. Wa kwetu visigino vyake vilikuwa laini na mkia umechongoka tangu mwanzo. Nilipompapasa ubavuni nikahisi vitu vya mviringo chini ya ngozi, kama njugu mawe ndani ya mfuko wa kitambaa.

"Ni jike," nilimwambia dada. "Dalili ya ugonjwa sijaiona. Ana mayai."

"Basi atapasuka."

"Sijui. Kitabu kinasema hutaga ardhini. Mimi sijamwona kinyonga akitaga, wala jirani hajamwona akipasuka. Tutamwangalia."

Ningeweza kumwapia kuwa atapona. Wapo waliomwapia hivyo huko nyuma, nao hawakuwa na walichokijua.

Kesho yake nilitoka mapema, nikamkuta dada ameshika ufagio. Chini ya ukuta palikuwa na vishimo vya kina kifupi.

"Kuku," alisema. "Kila asubuhi nafukia."

Niliinama. Kuku hurusha udongo nyuma na kuacha mistari ya kucha. Hivi vilikuwa vyembamba, kama vimechotwa kwa kijiko. Sisi hufagia uwanja mpaka uwe mtupu, nyoka asipate pa kujificha, nao kwa miaka umekanyagwa ukawa mgumu kama sakafu. Mnyama alikuwa akichimba na kushindwa, na asubuhi ufagio ulimfutia hata hicho kidogo.

"Upande huu usifagie."

"Uwanja wangu niliuacha bila kufagiwa mara moja tu, Kaka. Unajua ni lini."

"Najua."

"Watu watapita, watauliza nani amekufa."

"Waambie hajafa mtu."

Aliuegemeza ufagio ukutani. Jembe lilikuwa bado kwa jirani; nilikwenda kulidai, naye akanifuata kulisindikiza. Nikatifua pale penye vishimo, nikamwagia maji.

Jua lilipopanda, kinyonga alishuka. Alichimba kwa miguu ya mbele, akapumzika, akachimba tena, kisha akageuka na kuingia kinyumenyume mpaka kikabaki kichwa. Dada alileta kigoda akaketi mbali kidogo. Hakuchambua mboga.

"Anakufa?" jirani alinong'ona.

"Nyamaza," dada alimwambia.

Alasiri ilikuwa imeingia kinyonga alipotoka, ubavu umenywea, ngozi imekunjamana kama mfuko uliomwagwa. Alijivuta juu ya shimo, akalifukia kwa miguu ya nyuma bila haraka, akarudi juu ya mbaazi. Dada hakungoja maji yangu ya kutawadhia. Alichota ya kunywa mtungini, akayadondosha kwa ncha za vidole kwenye jani lililo mdomoni pake, na kinyonga akanywa, akanywa tena.

"Labda huyu ni wa namna nyingine," jirani alisema.

"Labda. Wewe umemwona huyu."

Kama mayai yale yataanguliwa, sijui. Huchukua muda mrefu, na sitalisema ambalo sijaliona. Dada amepazungushia mawe. Uwanja mzima unang'aa isipokuwa hapo, na majani makavu yameanza kupajaa. Juzi mama mmoja aliyekuwa akitoka sokoni alisimama njiani akauliza kwa sauti ya chini kulikoni humu, mbona hapajafagiwa.

"Hajafa mtu," dada alimjibu. "Kuna mzazi."