Jani la Isale Nililolipeleka Siena

Saa nne na dakika kumi na tano asubuhi mama alitokea nyuma ya zizi akiwa na jani la isale, akalifuta kwa khanga yake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Alikuwa amelikata kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la urithi, upande wa juu, ambako baba alipanda isale kabla sijazaliwa. Kwetu Mwika, ukimkosea mtu mpaka maneno yakaisha, unampelekea jani hilo. Akilipokea, amekusamehe. Ni wachache wanaothubutu kulikataa.

"Lifunge kwa jani la mgomba," alisema. "Lifike bichi. Mwambie ni mimi nimelikata."

Mtu niliyemkosea ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Kwa mila zetu nyumba ya baba na kihamba kinachoizunguka ni mali yake. Anaishi Siena, Italia, mwaka wa kumi na moja sasa, anapika kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alipokuwa huko niliuza kipande cha chini cha kihamba, chenye kahawa na migomba, kwa jirani yetu, kwa shilingi milioni nne. Nilimwambia mama kwamba fedha zimekwenda hospitali kutibu mguu wake. Si kweli. Hospitali ilikuwa imelipwa na mdogo wangu. Mimi nilinunua mashine ya kuchongea vyuma, kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza mashine za kumenya kahawa na nilikuwa nimechoka kufuata vipuri Arusha. Mdogo wangu alipokuja likizo akakuta ua wa jirani umepita katikati ya migomba yake. Aliondoka baada ya siku mbili, akaacha kupokea simu zangu, na hajaja tena. Sasa ni miaka minne. Mama ana miaka themanini na moja, na alichotaka ni kutuona wote wawili mezani pake kabla hajafa. Hicho ndicho kilichonipeleka.

Niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu na baadaye kwa simu. Kiitaliano nilijifunza kwa miezi minane. Niliiuza ile mashine, nikaongeza akiba ya misimu miwili, nikaandika njia yote kwenye daftari: gari la abiria hadi Moshi mjini, basi la Arusha hadi njia panda ya uwanja wa ndege, bodaboda, ndege mbili hadi Roma, treni, kisha basi hadi Siena. Katika kusoma huko nikakuta kwamba mmea mbichi hauingii Ulaya bila cheti. Kwa hiyo, wiki tatu kabla ya safari, nilikata jani langu mwenyewe, nikalikausha ndani ya kamusi. Nilijua kwamba jani kavu la isale halipelekwi kwa mtu. Mtoto yeyote wa kwetu anajua hilo. Ni sawa na kumwambia mtu kwamba huna haja sana na msamaha wake. Nikajishawishi kwamba maana iko kwenye jani lenyewe, haimo kwenye maji yake.

Stendi ya Moshi nilitoa jani la mama kwenye begi, nikalitupa kwenye pipa la taka karibu na vyoo. Kondakta wa basi la Arusha alikuwa ananitazama.

"Mzee, unatupa isale? Kwani wamekataa kukusamehe?"

"Endelea na kazi yako."

"Haya. Unashukia wapi na koti la baridi namna hiyo?"

"Njia panda ya KIA. Nakwenda Siena."

"Siena ndiyo wapi, kabla ya Bomang'ombe au baada?"

"Italia."

"Baada, basi. Panda, nauli ni ile ile."

Abiria walicheka. Mimi nilitazama saa.

Ratiba yangu haikukosea popote. Roma, afisa alitazama pasi, akagonga muhuri, akaita anayefuata. Hakuna aliyefungua begi langu. Mbele yangu mwanamke mmoja alibeba mche wa ua kwenye mfuko wa plastiki, udongo ukimdondokea viatuni, akapita bila kuulizwa neno. Basi la kwenda Siena lilichukua saa tatu kasoro kidogo, kati ya vilima vyenye mizabibu iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka kuliko kahawa yetu yoyote.

Mdogo wangu alinipokea kituoni, kwa kuwa mama alimpigia. Tulipanda kwa miguu kati ya nyumba za matofali hadi kwenye uwanja wao mkubwa, ambao umeinama kama bakuli. Tukakaa chini kama watu wengine.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umenenepa."

"Wewe umezeeka. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakungoja."

Nikafungua kamusi. Alilitazama lile jani muda mrefu, mikono yake ikiwa magotini.

"Kaka, hili ni kavu."

"Sheria yao hairuhusu bichi. Nilisoma."

"Nani alikupekua?"

"Hakuna."

"Mama aliniambia amekukatia bichi. Liko wapi?"

Nilifunika kamusi.

"Liko wapi, kaka?"

"Moshi. Stendi."

Alisema kwa Kichagga neno ambalo baba alikuwa akimwambia ng'ombe aliyegoma kukamuliwa. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, taratibu, kama anayemweleza mgeni.

"Wewe unasoma kila kitu. Yule jirani mwaka jana alinipigia, akasema anarudisha kile kipande kwa milioni tano. Alikwambia?"

"Aliniambia."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sina."

"Sasa mimi jani la nini? Ungerudisha shamba, ningekuja hata kwa miguu."

Alininunulia chakula, akalipa, akanisindikiza hadi nyumba ya wageni, akaniambia nimsalimie mama. Jani hakuligusa.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa jikoni anamenya ndizi.

"Alilipokea?"

"Hapana."

"Lilifika bichi?"

"Hapana, mama."

Akachukua ndizi nyingine. Tangu siku hiyo ananisemesha habari za ng'ombe na maji, basi. Jirani ameshang'oa migomba ya kile kipande na kujenga msingi wa nyumba; hauzi tena.

Viza, bima, tiketi, mabasi, treni na vyumba nimevijumlisha mara mbili. Safari ilinigharimu shilingi milioni tano, laki mbili na elfu kumi na nane.