Niliyemaliza Tumbaku

Nilipoacha sigara, kiwanda kizima cha minofu ya sangara kilinipongeza. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa nimehamia kwenye ugoro, niliokuwa nikiubana ndani ya mdomo wa chini, nyuma ya kile kitambaa cheupe tunachofunga usoni kazini. Nilijidanganya kuwa pasipo moshi hakuna tumbaku.

Asubuhi moja wakaja wakaguzi wa usafi. Msimamizi wetu, Mama Neema, akanisimamisha mbele yao.

"Huyu alikuwa mvutaji sugu. Sasa tumbaku haigusi. Mzee Masalu, hebu waeleze."

Mdomo ulishajaa mate ya ugoro. Nikitema kwenye sakafu ile, kazi sina. Nikimeza, natapika. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyezidiwa na shukrani.

"Usione haya, baba," Mama Neema akasema kwa upole. "Umeacha kabisa?"

Nikajaribu kumeza kidogo. Kwikwi ikanishika, moja, halafu nyingine kubwa zaidi.

Nilipoinua kichwa, hakuna aliyekuwa akinitazama machoni. Wote walitazama kitambaa changu, doa la kahawia likitanuka taratibu kuelekea kidevuni.

"Masalu," Mama Neema akasema, safari hii bila uzee wala ubaba, "vua hicho kitambaa."