Muhogo Mchungu na Mkebe wa Josho

Pale Nyamisangura hakuna aliyemshinda Bhoke kwa muhogo mchungu. Aliuloweka, akauvundika, akauanika juu ya mwamba mpaka ukawa mweupe pe, na hakuna mtu aliyewahi kuumwa tumbo kwa ugali wake. Sumu, alipenda kusema, inataka maji, jua na moto tu. Alijivuna kwa hilo, na alikuwa na haki.

Ndiyo maana mumewe Mseti alipoleta mkebe mtupu wa dawa ya kupe kutoka kwenye josho la ng'ombe, Bhoke hakuogopa. Aliuloweka, akausugua kwa majivu, akauanika, kisha akauchoma motoni. Mfuniko wake ulibana vizuri, nzi hapiti. Akautia maziwa ya Marwa, mwanawe wa pekee.

Siku hiyo alikwenda shambani. Mtoto alibaki na Mogesi, mke mdogo ambaye hakujaliwa kuzaa, naye akampa maziwa yale. Jioni Marwa alitapika mfululizo. Kulipokucha hakuwa hai tena. Ukoo haukujisumbua kutafuta sababu: mgumba kamuua mtoto wa mwenzake kwa uchawi. Mogesi akarudishwa kwao Kenyamonta bila hata kuagwa. Bhoke mwenyewe alimtemea mate.

Mdogo wake Bhoke, Kornelio, alikuwa mwalimu wa shule ya kati. Alipokuja likizo aliuona mkebe ule kichanjani, hauguswi, akauliza ulitumikaje. Alipojibiwa akageuka kutaka kutoka. Bhoke si mjinga. Alimshika mkono, akakataa kumwachia mpaka aseme.

"Dada, sumu ya muhogo ni atomu zilizoshikana," Kornelio akasema. "Ukiuloweka, kifungo kinakatika, sumu inatoka, inapotea hewani. Ya josho si hivyo. Mle mna aseniki, na hiyo atomu yenyewe ndiyo sumu. Moto unakata vifungo, lakini atomu hauiwezi."

Kisha akamsihi ayaache yalivyo, kwa kuwa watu walishapata wa kumlaumu. Ingekuwa rahisi, na Mungu anajua Bhoke alivyotamani. Lakini siku ya tatu alivuka mto Mara kwenda Kenyamonta.

Mogesi alikuwa amekonda, amebaki macho tu. Alisikiliza habari ya mkebe mpaka mwisho.

"Mama Marwa, kuna siku nilikuonea wivu kwa yule mtoto," akasema. "Nimekaa huku nikiamini wivu wangu ndio uliomuua. Hebu nieleze tena."

Bhoke akaeleza tena, muhogo, mkebe, vifungo, atomu. Mogesi akamwomba arudie, maana bado moyo wake ulikataa kuamini. Bhoke akafuta machozi, akaanza upya: mkono uliousugua mkebe ulikuwa wake, moto aliuwasha yeye, na maziwa aliyatia yeye.